Kompyuta ya Kuhariri Video: Kwanza Angalia Kamera Yako

Nilipokuwa nahariri filamu yangu fupi ya kwanza, sauti ilikimbia na picha ikaganda. Mwigizaji kamaliza sentensi nzima, mdomo wake bado uko wazi kwenye neno la kwanza. Nikaamini nimeuziwa kompyuta mbovu. Haikuwa mbovu. Nilikuwa nimeipa faili zisizoendana nayo. Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue kompyuta gani, namuuliza kwanza anapiga kwa kamera gani.

Simu na kamera nyingi za leo hubana video kwa njia ziitwazo H.264 au H.265, ili faili ziwe ndogo. Katika mbano huo fremu nyingi, yaani picha moja moja zinazounda video, hazihifadhiwi nzima. Kinachohifadhiwa ni tofauti kati ya fremu moja na jirani zake. Ukitazama tu, hakuna shida. Ukianza kukata na kuruka mbele na nyuma, kila mara kompyuta inalazimika kuijenga upya fremu unayoitaka. Kazi hiyo hufanywa vizuri na sehemu maalumu iliyomo ndani ya prosesa au kadi ya picha, na si kila chipu inaimudu kila aina ya faili.

Chukua H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2, yaani inayohifadhi rangi kwa undani zaidi, ambayo kamera nyingi za kisasa hurekodi. Prosesa za Intel zenye kadi ya picha ya ndani huifungua bila jasho kuanzia kizazi cha 11. Chipu za Apple pia, kuanzia M1. Lakini kadi za NVIDIA za RTX 30 na RTX 40, pamoja na nguvu zake zote, hazina uwezo huo. Uwezo huo umekuja na RTX 50. Inaniuma kuona mtu anamaliza akiba yake kwa kadi kubwa halafu picha inakwama vilevile.

Sasa nizipange kompyuta zenyewe, kwa anayeanza na mwenye fedha za kuhesabu.

Nafasi ya kwanza naipa kompyuta ya mezani ya Windows yenye Intel Core i5 ya kizazi cha 12 au zaidi, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16 na SSD ya NVMe, yaani diski ya kasi. Soma jina la prosesa mpaka herufi ya mwisho: i5-12400 ina kadi ya picha ya ndani, i5-12400F haina, na kwa mhariri herufi hiyo moja ni hasara. Naipenda kwa sababu inakua nawe. Leo GB 16, kesho unaongeza zifike 32, keshokutwa unachomeka kadi ya picha utakapoanza kazi nzito za rangi na madoido.

Ya pili ni Mac mini ya M4, iliyotoka Novemba 2024. Inaanza na GB 16, haina kelele, na kwa faili za H.265 na za ProRes, aina ya Apple ya kuhariria, inateleza. Kasoro yake ni kwamba RAM huwezi kuiongeza baada ya kununua, na diski ya GB 256 ya toleo la chini hujaa upesi. Tenga fedha za SSD ya nje. Kioo, yaani skrini, nacho unakinunua peke yake, kama ilivyo kwa ile ya kwanza.

Kama huna makao ya kudumu ya kazi, chukua MacBook Air ya M1 au M2 iliyotumika, ila iwe ya GB 16. Ya GB 8 iache hata ukibembelezwa. MacBook Air haina feni, kwa hiyo ikitoa faili refu, yaani ikitengeneza video ya mwisho, hupata joto na kupunguza mwendo, lakini kwa betri inafanya kazi karibu sawa na ikiwa kwenye umeme.

Laptopu za michezo naziweka nafasi ya nne. Zina nguvu, ila ukichomoa chaja, nyingi hushuka sana, na feni zake zitakusumbua ukirekodi sauti ya msimulizi chumba hichohicho. Kagua kioo pia: kiandikwe kinafikia asilimia 100 ya sRGB (kipimo cha kawaida cha rangi za kioo), au karibu. Niliwahi kurekebisha rangi ya uso wa mama mmoja kwenye kioo hafifu mpaka nikaridhika. Kwenye televisheni akaonekana kama aliyebabuka na jua.

Ya mwisho ni laptopu ya zamani ya ofisini. Kama ndiyo uliyonayo, usiache kupiga filamu. Tengeneza proksi, yaani nakala ndogo za video, mathalani za 1280 kwa 720. Unakata kwa hizo, na programu inarudi kwenye faili halisi wakati wa kutoa kazi. Lakini usiinunue leo bila kuhakikisha inapokea Windows 11, maana Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025.

Programu isikutie hofu. DaVinci Resolve ya bure inatoa video hadi 3840 kwa 2160, na inafanya kazi Windows na Mac. Final Cut Pro ni ya Apple pekee.

Diski ndiyo wengi huisahau. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inakula takriban GB 45 kwa saa moja. Hariri kutoka SSD, weka nakala kwenye diski ya kawaida, na usifute kadi ya kamera kabla faili hazijakaa sehemu mbili.

Siku ya kununua, nenda na flashi yenye video za kamera yako mwenyewe. Omba zinakiliwe kwenye kompyuta, zifunguliwe ndani ya programu ya kuhariria. Cheza nusu dakika, buruta mbele na nyuma, kata mara tatu, kisha cheza tena pale ulipokata. Muuzaji akikataa, nenda kwa mwingine.