Fundi aliniachia waya wa dume kwa dume: uzoefu wangu wa kuunganisha jenereta nyumbani

Nimekaa na jambo hili moyoni wiki kadhaa nikijiambia yamekwisha. Hayajakwisha. Kila nikisikia jenereta inanguruma usiku naziona zile pini zimelala wazi sakafuni na mkono wa mwanangu unazifuata. Acha niandike.

Kwanza nimpe fundi haki yake. Alikuja siku ileile niliyompigia, akavua viatu mlangoni, hakudai zaidi ya tulichopatana. Haikufika saa moja nyumba nzima ikawaka: taa, friji, feni, televisheni. Umeme ulikuwa umetusumbua siku nyingi mfululizo, nami nilimshukuru mpaka akaona haya. Mngeniuliza usiku ule ningempa nyota zote tano. Tena nilimtafutia kazi kwa mdomo wangu mwenyewe: watu wawili ninaofanya nao kazi niliwapa namba yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na nitalirudia.

Alichoniachia ni waya mnene mweusi wenye plagi ncha zote mbili. Baadaye ndipo nilipojua kuwa unaitwa dume kwa dume. Ncha moja unaichomeka kwenye jenereta, nyingine kwenye soketi ya ukutani sebuleni. Umeme unaingia nyumbani kinyumenyume kupitia soketi hiyo, unapanda hadi kwenye boksi la breka, kisha unagawanyika vyumba vyote. Kabla ya kuwasha unatakiwa uzime meni swichi, ile swichi kuu inayoitenga nyumba na laini za mtaa. Ili nisisahau, alibandika kipande cha tepu nyeupe juu ya boksi na kuandika kwa kalamu: ZIMA MENI KWANZA.

Ikumbukeni tepu hiyo. Kati ya jenereta yangu na laini za mtaa mzima hakukuwa na kizuizi kingine.

Miezi miwili, pengine mitatu, mambo yalikwenda vizuri. Halafu usiku mmoja nikiwa safarini mdogo wangu ndiye aliyewasha. Tepu ilikwisha banduka, nani ajuaye ilidondokea wapi, na hakuna aliyewahi kumwambia habari za meni. Anasema jenereta ilikohoa, ikalegea sauti kama mtu aliyebebeshwa gunia, ikazima. Akarudia mara tatu. Akanipigia simu kuniambia petroli ina maji. Nikamwamini, nikamwambia alale.

Kisha ikaja jioni yenyewe. Jenereta iko nje inanguruma, sisi tuko sebuleni. Mama yangu alikuwa anavuka kwenda chumbani, mguu wake ukaukwaa waya, plagi ikachomoka ukutani. Giza. Nje jenereta ikaendelea kunguruma vilevile. Nikawasha tochi ya simu, na pale chini nikaiona plagi imelala chali, pini zake zinang'aa. Mwanangu ana miaka sita, ni mtoto anayependa kusaidia. Alikuwa ameshainama.

"Mama, niirudishe?"

Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga maishani. Akarudisha mkono, akaanza kulia, mama yangu naye akaniuliza nimeona nyoka. Sikuwa na jibu. Mimi si fundi, moyo tu ulinishtuka. Nilimvuta mtoto, nikakimbia nje, nikazima jenereta kwanza ndipo nikarudi kuutazama ule waya. Zile pini zilikuwa na umeme kamili, volti 230, zimekaa hewani bila kifuniko, kiganja kimoja tu kutoka kwenye vidole vyake.

Asubuhi nikampigia fundi. Namnukuu kadiri ninavyokumbuka, na nakumbuka vizuri.

"Fundi, ule waya ukichomoka ukutani na jenereta inawaka, si pini zinabaki na umeme?"

"Ndiyo. Sasa mnauchomoa wa nini?"

"Tumeukwaa kwa bahati mbaya. Mtoto nusura aushike."

"Dada, mtoto ni wako, mchunge. Kazi yangu ilikuwa taa ziwake. Zimewaka, hazijawaka?"

Nikamwuliza kwa upole, naapa kwa upole, kama hakuna njia nyingine iliyo salama zaidi. Akacheka. "Kama unajua ufundi kuliko fundi, mimi uliniitia nini?" Akakata simu.

Nimesema alivua viatu mlangoni. Nayafuta.

Jirani akanipa namba ya mzee mmoja aliyestaafu kazi ya laini katika shirika la umeme. Alipoingia aliuona waya hata kabla ya salamu kuisha. Akauokota, akatazama ncha hii, akatazama ncha ile, akaniuliza, "Binti yangu, kitu hiki kimekaa humu tangu lini?" Nikamwambia miezi michache, baba. Akavuta kiti akakaa.

Aliyonieleza pale sijawahi kuelezwa na mtu yeyote, na nadhani wengi wenu hamjaelezwa. Transfoma iliyo juu ya nguzo, alisema, haina mbele wala nyuma. Kazi yake kila siku ni kupunguza maelfu ya volti hadi kufikia umeme wetu wa nyumbani. Lakini ukiusukuma umeme wa jenereta kutoka upande wa nyumba, transfoma ileile inaupandisha kuwa maelfu ya volti na kuutuma kwenye laini ambayo kila mtu anaamini imekufa. "Sisi tulifundishwa kupima laini kwanza, kisha kuifunga ethi ya muda, yaani waya wa kuupeleka umeme ardhini, kabla ya kuigusa," akasema. "Lakini mwenzangu amepima, amekuta imekufa, anashuka kuchukua waya wa ethi. Dakika hiyo wewe ndiyo unawasha."

Nikamsimulia ule usiku wa mdogo wangu na petroli yenye maji. Alikaa kimya kidogo. Petroli haikuwa na maji. Meni ilikuwa imewashwa, na jenereta yangu ndogo ilikuwa inajaribu kubeba mtaa mzima, ndiyo maana ilizidiwa ikazima. "Shukuru mzigo ulikuwa mkubwa," akaniambia. "Laini ingekuwa imekatika hapa karibu, zikabaki nyumba mbili tatu zenye taa tu, ingezibeba." Na kama umeme wa shirika ungerudi wakati ule, ungeikuta jenereta inazunguka kwa mapigo yake yenyewe yasiyolingana na ya laini. Jenereta ingeungua, na huenda moto usingeishia kwenye jenereta.

Halafu akaifungua ile soketi ya sebuleni. Ndani plastiki ilikuwa imegeuka kahawia na tundu moja limeanza kuyeyuka. Hesabu yake ni rahisi, na inanichukiza kwamba fundi wa kwanza hakuifanya au aliifanya akanyamaza. Jenereta ya kVA 5 inaweza kusukuma zaidi ya ampia 20 kwa volti 230. Soketi ilitengenezwa kubeba ampia 13. Friji, feni, taa, na pampu ya maji siku nyingine, vyote vilikuwa vinapita katika matundu yale.

Basi nizungumzie kilichowekwa badala yake, maana hilo nalo ni sehemu ya maoni yangu na hapa sina malalamiko. Ni swichi ya kubadilisha, wengi huiita chenjiova. Mkono wake una nafasi tatu: I ni umeme wa shirika, II ni jenereta, na katikati kuna 0. Haiwezekani kutoka I kwenda II bila kupita 0, na haiwezekani vyote viwili kuingia kwa pamoja hata ukitaka, kwa sababu chuma chenyewe ndani hakiruhusu. Mdogo wangu akiwasha bila kuambiwa lolote, hana njia ya kukosea. Hakuna tepu. Mzee alinieleza pia kuwa baadhi ya maboksi ya breka yanakubali kibao cha chuma kinachoteleza kati ya breka ya meni na breka ya jenereta, moja isiweze kupanda mpaka nyingine ishuke. Kwangu alichagua chenjiova kwa sababu ya aina ya boksi nililonalo.

Ukutani nje kuna kiboksi chenye mfuniko, na ndani yake pini zimekaa ndani kabisa. Kanuni aliyonifundisha nimeishika kuliko yote: upande unaotoa umeme huwa jike daima, upande unaopokea huwa dume. Waya mpya unaotoka kwenye jenereta una mashimo upande wa nyumba. Ukichomoka, hakuna pini itakayobaki wazi na umeme. Nilimwomba auchomoe mbele yangu jenereta ikiwa inawaka. Aliniambia si desturi nzuri kuuchomoa wakati mzigo unabebwa, akazima breka zote kwanza, ndipo akauchomoa. Nikaimulika ile ncha kwa tochi. Mashimo matupu. Nililia, na sioni aibu kusema.

Kuna habari ya nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, na ethi ambayo siwezi kuieleza vizuri. Ninachojua ni kwamba ile breka inayokata umeme ukivuja, ile ya miliampia 30, haikuwa inatulinda tulipokuwa kwenye jenereta, kwa sababu nyutro ya jenereta yetu ilikuwa inaelea bila kufungwa kwenye ethi. Alipima, akafunga panapostahili, akapigilia fimbo ya ethi, akajaribu tena, breka ikakata. Jambo hili hutegemea jenereta ilivyotengenezwa na chenjiova uliyonayo. Usilijaribu mwenyewe kwa kusoma maneno yangu.

Tena akaiondoa jenereta dirishani. Fundi wa kwanza aliiweka pale kwa sababu waya wake ulikuwa mfupi, na dirisha lile ni la chumba anacholala mama yangu. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inaua mtu amelala. Inatakiwa ikae angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, bomba la moshi likitazama mbali na milango na madirisha. Mama alikuwa analalamika kichwa kinamuuma asubuhi. Tulikuwa tunampa dawa za kichwa. Sijui kama ilikuwa ndiyo sababu, ila tangu jenereta ihamishwe hajalalamika tena, na nikilifikiria hilo siwezi kukaa kitako.

Sasa hukumu. Jenereta yenyewe nilikuja nimejiandaa kuiponda, na haistahili. Nimefungua kitabu chake, na kimeandika waziwazi kwamba isiunganishwe na waya za nyumba bila swichi ya kubadilisha iliyofungwa na fundi mwenye sifa. Kiliandika. Sikukisoma. Kuna saa najiambia basi kosa ni langu, nimwachie fundi wa watu, huenda naye alifundishwa hivyo na aliyemfundisha hakujua. Wapo wengi wanaofanya kama yeye na wanalala usingizi mzuri. Pengine nyota mbili, kwa kuja mapema na kwa bei ya haki.

Halafu nakumbuka "mtoto ni wako, mchunge." Asiyejua husema sijui. Huyu nilipomwuliza kama pini zinabaki na umeme alijibu "ndiyo" bila kusita. Alijua. Alijua siku ile alipokuwa anakaza skrubu za ile plagi ya pili mezani kwangu, mtoto amesimama karibu yake anamshikia bisibisi. Hana nyota.

Wale wenzangu wawili niliwaambia kesho yake. Mmoja alikwenda kuangalia, akakuta waya uleule, mweusi, dume kwa dume, na tepu nyeupe juu ya boksi. Ameacha kuutumia. Wa pili ameniambia kwake unafanya kazi vizuri na hana haja ya gharama nyingine. Ana watoto watatu.

Fundi nilimtumia picha ya soketi iliyoungua na swali moja: umefunga waya kama huu katika nyumba ngapi? Ameisoma. Hajajibu. Ule wake nimeukata plagi zote mbili, na yule mzee amekubali Jumamosi tuongozane hadi nyumbani kwa mwenzangu wa pili.