Sungura anatazama mbele, mwanangu anatazama kushoto

"Kwani mtoto si atakua, kaka?" Hilo ndilo jibu nililopewa na muuzaji. Nikausoma tena ule ujumbe nikidhani umekosea njia.

Nilikuwa nimenunua seti ya kushona vazi la sungura, lile la mwili mzima pamoja na kichwa, binti yangu wa miaka 6 avae kwenye mchezo wa kuigiza shuleni. Tangazo lilisema ni la mtoto. Kiwiliwili ni cha mtoto kweli: mikono, miguu na hata mkia vimemkaa. Lakini kichwa! Binti yangu nimempima kwa futi, kuanzia juu ya nyusi kuzunguka kisogo, ni sentimita 51. Kichwa cha sungura, ambacho ni cha sponji, kwa ndani ni sentimita 60. Nilijivika mwenyewe, kikanikaa sawasawa. Mimi, mtu mzima mwenye kipara.

Basi akigeuka kushoto, sungura anabaki kutazama mbele. Macho yake yamezibwa kwa wavu mweusi, na akigeuka tu, wavu unabaki kule na yeye anaangaliana na sponji. Alipoinama kuokota karoti yake ya kitambaa, yale masikio marefu yakakivuta kichwa chote kikamshukia mpaka mabegani. Akasimama katikati ya sebule, mikono mbele, akiita, "Baba, giza."

Nilicheka, sikatai. Kisha nikakasirika, maana kufikia hapo nilikuwa nimeshamaliza usiku tatu na vidole viwili vimeungua kwa gundi ya moto. Shavu la kwanza niliharibu kwa sababu karatasi ya maelekezo imechorwa mkasi. Manyoya bandia hayakatwi kwa mkasi hivyo! Unayageuza, unapitisha wembe kwenye kitambaa cha nyuma peke yake, nywele zenyewe huzigusi. Mimi nilifuata mchoro, na sungura akatoka upande mmoja kama amenyolewa na kinyozi mlevi.

Ndipo nikamwandikia muuzaji, kwa adabu kabisa, nikamwekea na vipimo. Mengine mnayajua. Sikuomba hata kurudishiwa fedha, nilitaka tu nitumiwe sponji ndogo zaidi. Mtoto si atakua! Sawa, na mchezo wenyewe ulikuwa wiki ile ile.

Kilichotuokoa ni kofia yake ya baiskeli. Niliishikiza ndani ya kichwa cha sungura kwa utepe wa kunatana, nikajaza vipande vya sponji pembeni, mkanda wa kidevuni nikauacha kama ulivyo. Akatikisa kichwa, na masikio yakatikisika naye. Seti nzima ingeweza kuja hivyo tangu mwanzo, au angalau wangeandika kwamba kichwa kinataka kitu cha kukishika ndani.

Nilikusudia kuwapa nyota 1. Lakini nisiwe mchoyo: manyoya yao ni mazuri mno. Hayang'oki ovyo, na kila kipande kimewekewa mshale wa kuonyesha yanakolalia, kwa hiyo tumbo na mgongo vyote vinateremka upande mmoja kama mnyama wa kweli. Ukimaliza kushona ukazichokoa kwa sindano zile nywele zilizobanwa, mshono hauuoni tena. Aliyechagua manyoya yale anaijua kazi. Kwa hilo nilishafika nyota 3, hata 4.

Halafu nikakumbuka mdomo. Mdomo wa sungura wameuziba kwa kitambaa kizito, pua nayo vivyo hivyo, hewa haina pa kupita. Baada ya kama dakika 10 za mazoezi nilimvua nikakuta nywele zimelowa chapa na uso umemwiva. Mtoto akinogewa na mchezo hasemi kwamba joto limemzidi, anaendelea kuruka tu. Nilikata ule mdomo nikaweka wavu. Kwa hiyo hapana, 4 ni nyingi. 2. Au 2 na nusu, kwa ajili ya mkia, maana hata kulala analala nao.

Siku yenyewe aliruka vizuri, akageuka kushoto na kulia, na sungura akageuka naye. Baiskeli ndiyo imeegemea ukuta mpaka leo. Kofia iko ndani ya sungura, na mwenyewe hataki niitoe.