Haidromita na Rifraktomita katika Kupima Nguvu ya Kulanti

Katika jimbo la Minnesota, ambako baridi ya Januari inaweza kushuka chini ya nyuzi −30 za Selsiasi, kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyozimuliwa mno kwa maji huganda, ikatanuka na kupasua rejeta au hata bloku ya injini. Haidromita, kifaa kinachopima uzito wa kimiminika kwa ujazo wake, ni ya bei nafuu: unavuta kulanti kwa mpira wake, kisha unasoma jinsi boya linavyoelea. Kasoro yake ni kwamba uzito huo hubadilika kwa joto, na haidromita iliyotengenezwa kwa ajili ya glaikoli ya ethilini (glaikoli ndiyo kemikali inayozuia kulanti isigande) hutoa jibu la uongo kabisa ikitiwa ya propilini. Rifraktomita, kifaa kinachopima jinsi kimiminika kinavyopinda mwanga, hutaka matone mawili matatu tu juu ya kioo chake. Ukiielekeza kwenye mwanga, unaona mpaka wa buluu na nyeupe ukikata kipimo cha aina yako ya glaikoli, mradi uwe umeisawazisha kwanza kwa maji yaliyokenekwa, yale yale yanayoongezwa kwenye betri. Mimi ningenunua hii bila kusita. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji na glaikoli ya ethilini husomeka karibu na −37, yaani nyuzi ambazo huanza kuganda. Usivuke asilimia 70 ya glaikoli, kwani glaikoli tupu huganda mapema zaidi, karibu na −13. Kwa vyovyote, usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado ya moto.