Datsun ya Safari mezani: Tamiya, Hasegawa au AMT?

Kama hujawahi kuunganisha gari dogo la plastiki, lile linalokuja kwa vipande kwenye boksi, nunua la Tamiya, kampuni ya Japani, usihangaike. Mimi ni fundi wa rangi hapa Nakuru, kwa hivyo kitu cha kwanza kuangalia ni bodi. Ya Tamiya huhitaji kuisumbua sana: mshono wa moldi (kalibu ya plastiki) utaupata ukipitisha kucha juu ya fenda, msasa kidogo umeisha. Dashibodi inaingia pahali pake bila kulazimishwa, na michoro ya maelekezo hata mtoto wa shule ataifuata.

Lakini roho yangu iko Hasegawa, nao pia ni wa Japani, na sababu ni Safari Rally. Hao ndio walitoa modeli ya Datsun 240Z ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, iliyoshinda Safari ya 1971: nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni. Wametoa pia 1600 SSS, ile Herrmann alishinda nayo 1970. Wazee waliokula vumbi kando ya barabara enzi hizo hawahitaji kuambiwa ni gari gani. Kwa kipimo cha 1/24, yaani gari halisi limepunguzwa mara 24, 240Z inakuja kama sentimita 17, inakaa vizuri juu ya redio.

Shida ni kwamba Hasegawa kwa kawaida hawakupi injini. Boneti isiyofunguka inaniwasha, siwezi kuficha. Hapo AMT ya Marekani inawapita: injini nzima unaiunganisha mwenyewe, na vipande vya kromu juu. Ila moldi zao nyingi ni za miaka ya 1960 zinazotolewa upya, kwa hivyo kaa na kisu na filla karibu. Tena kipimo chao ni 1/25. Ukiyapanga na ya Japani kwenye rafu moja, jicho kali litaona.

Rangi sasa. Tamiya wanakutajia namba za rangi zao, Hasegawa wanataja za Mr. Color, aina nyingine ya rangi za modeli, na makopo ya kupuliza ni taabu kuagiza kwa ndege kwa sababu yanashika moto. Mimi natumia rangi ya magari. Nyekundu yangu ilikuwa mabaki ya Probox ya mteja. Lakini sikiza vizuri: thina ya gari inakula plastiki hii. Piga praima kwanza, halafu pulizia nyepesi kutoka mbali, ngoja ikauke, rudia. Ukimwaga koti nzito kwa pupa, plastiki inalainika na mistari ya milango inazibika, na hapo hakuna filla itakuokoa. Kukiwa na upepo wa Januari, funga mlango na unyunyize maji sakafuni, la sivyo utapaka vumbi la Menengai.

Na nyeusi ya boneti isimeremete. Kwenye gari lenyewe ilipakwa hivyo ili jua lisimrudie dereva machoni.