Vya kununua ili uzeeke na nguvu zako, tukifuata ushahidi

Duka lolote linalouza maisha marefu litakupeleka kwanza kwenye rafu ya vidonge. Mimi nitaanza na mashine ya presha, niende kwenye chumvi, na vidonge tutavifikia baadaye.

Sababu ni hii. Mwaka 2013 watafiti waliorodhesha alama 9 za uzee zinazoonekana ndani ya mwili na seli zake. Mwaka 2023 orodha ikafika alama 12. Ni kazi kubwa ya kisayansi, ila imewafungulia wauzaji mlango mpana: chochote kinachogusa alama moja, hata kwa panya tu, huandikwa kwenye chupa kwamba kinarudisha ujana. Mnunuzi aulize jambo lingine kabisa. Watu waliopewa kitu hiki wakilinganishwa na wenzao waliokosa, vifo vilipungua? Kiharusi kilipungua? Walibaki wakitembea wenyewe na kukumbuka mambo yao?

Namba moja: mashine ya kupimia presha

Presha ya juu kwa kawaida haiumi, ndiyo maana inaua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2024 watu bilioni 1.4 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nayo, na karibu nusu yao hawajui. Huku hawajui, mishipa ya ubongo, figo na moyo inazidi kuchakaa.

Jaribio la SPRINT la Marekani, lililochapishwa 2015, liliwagawa watu 9,361 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilitibiwa hadi namba ya juu ya presha ishuke chini ya 120, jingine chini ya 140. Katika kundi la kwanza vifo vya sababu zote vilipungua kwa takriban 27%. Sijaona unga wala kidonge cha maisha marefu kilichokaribia matokeo hayo kwa binadamu. Hata hivyo, kundi hilo hilo lilikuwa na watu wengi zaidi waliozimia na walioumia figo, kwa hiyo presha yako ishuke hadi wapi ni jambo la kupanga na daktari. Kazi ya mashine ni kukujulisha mapema na kukuonyesha kama dawa inafanya kazi.

Chagua inayofungwa juu ya kiwiko. Za kufunga kwenye kifundo cha mkono na za kuvaa kidoleni ni rahisi kubeba lakini ni rahisi pia kudanganya. Kabla ya kulipa, tafuta modeli hiyo kwenye orodha ya mashine zilizohakikiwa kitaalamu; STRIDE BP wanayo mtandaoni, bila malipo. Kisha pima mzingo wa mkono wako ulinganishe na kipimo kilichoandikwa kwenye mkanda. Watu wengi hupuuza hatua hii, na ndiyo inayoharibu kila kitu: jaribio lililochapishwa 2023 lilionyesha kwamba mtu anayehitaji mkanda mkubwa kabisa akipimwa kwa mkanda wa kawaida, namba ya juu hupanda kwa karibu 20 bila sababu. Hiyo inatosha kumpa mtu dawa asizozihitaji. Mwonekano wa kioo, bluetooth na sauti inayosoma majibu havina uzito wowote mbele ya mkanda unaokutosha.

Ukishainunua, kaa kimya dakika 5, miguu sakafuni, mgongo umeegemea, mkono umelala usawa wa moyo, usizungumze. Pima mara 2 ukiacha dakika moja katikati. Wastani wa siku kadhaa ukifika 135/85 au kupita, mwone daktari.

Namba mbili: chumvi iliyopunguzwa sodiamu

Hii ndiyo bidhaa ninayotamani kila nyumba inayopikia wazee iielewe. Ni chumvi ambayo sehemu yake imeondolewa na kuwekwa kloridi ya potasiamu. Katika vijiji 600 vya China, watu 20,995 waliowahi kupata kiharusi, au waliofikisha miaka 60 wakiwa na presha, waligawanywa: nusu ya vijiji vikatumia chumvi yenye potasiamu kiasi cha robo, nusu vikaendelea na ya kawaida. Matokeo yalitoka 2021 baada ya takriban miaka 5. Kiharusi kilipungua kwa 14% na vifo kwa 12%, kwa kubadilisha kopo la jikoni tu.

Soma lebo uone asilimia ya kloridi ya potasiamu. Chumvi ya bahari au ya waridi si mbadala. Karibu yote ni sodiamu ile ile. Na hapa naomba usome taratibu: mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia dawa zinazozuia potasiamu kutoka mwilini, asiiguse kabla ya kuuliza daktari. Potasiamu ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo.

Namba tatu: vyuma na mikanda ya mpira

Mwaka 1990 watafiti wa Boston waliwapa wazee 10 dhaifu, wenye wastani wa miaka 90 na wanaoishi kwenye nyumba ya wazee, mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8 nguvu za miguu zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa 174%, na wawili kati yao wakaacha fimbo. Jaribio hilo halikupima vifo, na kundi lilikuwa dogo, lakini kuinuka kitini bila kushikwa mkono ni afya yenyewe. Haihitaji kuthibitishwa kwa namba nyingine.

Anza na mikanda ya mpira yenye ugumu tofauti, kisha nunua vyuma vinavyoongezwa uzito kidogo kidogo, kwa sababu msuli usiozidishiwa mzigo hautaongezeka nguvu. Kriatini monohidrati, unga unaotumiwa kuipa misuli nguvu, gramu 3 hadi 5 kwa siku, huongeza matokeo kidogo kwa wazee wanaofanya mazoezi haya. Aina nyingine za kriatini zenye majina marefu hazijaonyesha kuizidi hii ya kawaida.

Nafasi ya nne naipa kifaa cha kusaidia kusikia, kwa mwenye tatizo hilo. Jaribio la ACHIEVE la 2023 halikuona faida ya kumbukumbu kwa washiriki wote kwa pamoja, lakini kwa wale waliokuwa na hatari kubwa zaidi, kasi ya akili kudhoofika ilikuwa pungufu kwa 48% katika miaka 3. Pima masikio kwanza, usikinunue kwa kubahatisha. Ya tano ni losheni ya kukinga jua. Huko Nambour, Australia, waliopangiwa kuipaka kila siku kwa miaka minne na nusu ngozi yao ilizeeka kwa 24% pungufu. Ni matokeo ya jumuiya yenye watu weupe wengi. Mwenye ngozi nyeusi anayo kinga kubwa ya kuzaliwa nayo na anaweza kuishusha nafasi hii.

Sasa vidonge

Mafuta ya samaki na vitamini D nimeviweka sita. Jaribio la VITAL lenye watu 25,871 halikuona vikipunguza saratani wala matukio makubwa ya moyo kwa ujumla. Mwaka 2025 watafiti wa DO-HEALTH waliripoti kwamba gramu 1 ya omega-3 (mafuta yaliyomo kwenye samaki) kwa siku ilirudisha nyuma baadhi ya saa za kibiolojia, yaani vipimo vya DNA vinavyokadiria umri wa mwili, kwa miezi 3 hadi 4 katika miaka 3. Inatia moyo, lakini ni alama tu, si vifo wala kiharusi kupungua. Vitamini D nunua pale kipimo kinapoonyesha upungufu.

NMN na resveratroli, vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kurudisha ujana, nakusihi uziache. Resveratroli haikurefusha maisha ya panya wa kawaida katika mpango wa majaribio wa serikali ya Marekani, na NR, kemikali inayofanana na NMN, ikashindwa humo humo. NMN yenyewe, kwa binadamu ina majaribio madogo na mafupi.

Vipimo vya umri wa kibiolojia viko mkiani. Saa iliyotengenezwa na Steve Horvath mwaka 2013, inayosoma sehemu 353 za DNA, imewasaidia sana watafiti wanaochunguza makundi ya watu. Kwa mtu mmoja ni hadithi nyingine: utafiti wa 2022 ulionyesha kwamba sampuli ile ile ikipimwa mara 2 inaweza kutoa tofauti ya miaka 3 hadi 9.

Na vipo visivyo na nafasi kabisa kwenye orodha. Vidonge vya beta-karotini viliongeza saratani ya mapafu katika jaribio la wavuta sigara 29,133 wa Finland. Rapamaisini kweli ilirefusha maisha ya panya mwaka 2009, hata wale walioanzishiwa uzeeni, na ndiyo dawa ninayoifuatilia kwa matumaini makubwa kuliko zote. Lakini ni dawa ya kushusha kinga ya mwili, na anayekuuzia bila daktari wala vipimo vya damu hatakuwepo siku utakapopata maambukizi.