Perman: Shujaa Mwenye Kasi ya Matatu na Rundo la Kazi za Shule

Wazazi wa hapa Nakuru wanaotafuta katuni za kuwaburudisha watoto wakati wa likizo, zisizojaa damu wala mabomu, wangefanya vyema kuijaribu Perman, anime (katuni ya Kijapani) ya vichekesho iliyotokana na hadithi za picha za Fujiko F. Fujio, muumbaji wa Doraemon, katuni ya paka wa roboti. Ilionyeshwa kwanza mwaka wa 1967, bila rangi. Ninayoizungumzia hapa ni ile ya rangi iliyoanza mwaka wa 1983, ambayo visa vyake vingi huchukua takriban dakika kumi tu.

Mitsuo Suwa ni mwanafunzi wa shule ya msingi, mzembe masomoni na mwoga kiasi, ambaye mgeni kutoka sayari nyingine aitwaye Birdman anamteua kuwa shujaa Perman na kumkabidhi helmeti inayozidisha nguvu zake mara 6,600, joho la kurukia na beji ya kuwasiliana na wenzake. Joho hilo humpeleka kilomita 119 kwa saa. Nimeipenda tarakimu hiyo kwa sababu ya udogo wake: ni mwendo ambao baadhi ya matatu zetu huufikia penye barabara nyoofu, sheria ya kilomita 80 ikiwa imesahauliwa, na mtu akiruka kwa kasi hiyo kutoka hapa hadi Nairobi bado atatumia zaidi ya saa nzima. Shujaa wa namna hiyo huchelewa, na vichekesho vingi vinaanzia hapo.

Utamu wenyewe, hata hivyo, uko kwenye roboti. Ni kisanamu ambacho Mitsuo anakibonyeza pua, kikageuka kuwa yeye mwenyewe, kikabaki nyumbani kula chakula chake na kukaripiwa na mama yake huku yeye akienda kuokoa watu. Akirudi, wawili hao hugusanisha vipaji vya nyuso ili ajue yaliyotokea. Tatizo ni kwamba nakala imerithi pia uvivu wa mwenyewe, kwa hiyo inanung'unika ikiachiwa kazi za shule, na mabishano yao kuhusu nani ateseke leo ni ya kuvunja mbavu. Siri nayo ina uzito, kwani akigunduliwa atageuzwa mnyama, na hana mshahara wowote wa kumfariji.

Wenzake katika kazi hiyo ya ushujaa ni sokwe Booby, asiyesema ila kwa ishara. Payan wa Osaka, mpenda pesa. Na Pako, msichana anayegombana na Mitsuo kila mara bila Mitsuo kutambua kwamba nyuma ya helmeti ile yumo Sumire, nyota ambaye Mitsuo anampenda kupita kiasi. Visa vya Pako ndivyo vilivyoandikwa kwa ustadi zaidi.

Kasoro zipo. Ukitazama visa vingi mfululizo, mtindo unajirudia, na majambazi wanafanana mno. Nakala tulizopata katika duka la muvi mjini zina sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza ambayo mtoto wa darasa la pili hawezi kuyafuata kwa wakati, hivyo mtu mzima hana budi kuketi karibu na kusimulia. Kwa watoto wa miaka sita hadi kumi ninaipendekeza bila kusita, visa viwili au vitatu kwa jioni. Waliokwisha kuzoea mapigano ya anime za siku hizi wataiona ya kitoto na kuomba rimoti.