GIS ya mipango miji: chuoni au mtaani?

Dar es Salaam, anayetaka kujifunza GIS (mfumo wa kompyuta wa kuchora na kuchambua ramani) ili apange miji ana milango miwili: shahada, mfano Chuo Kikuu Ardhi, au kuchora ramani za mitaa kama vijana wa mradi wa Ramani Huria walivyoanza kufanya 2015.

Mtaani mkono unazoea haraka. Unatembea na mjumbe anayekuonyesha mfereji ulioziba taka, unamuuliza mama wa nyumba ya kona maji ya mafuriko ya mto Msimbazi yalifika wapi. Anaweka kiganja ukutani: hapa, usawa wa kitasa. Kipimo hicho setilaiti haikupi. Jioni unachora mfereji huo kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia, kisha unafungua QGIS, programu ya GIS ambayo ni ya bure kabisa.

Ila mtaani hakuna wa kukueleza kwa nini ramani zinagombana. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zimesimama juu ya Arc 1960, msingi wa zamani wa kuhesabu mahali kilipo kitu duniani. Simu yako inatumia msingi mwingine, WGS 84. Ukizipandanisha bila kubadili, nyumba zinahama takriban mita 300, na mwenye kiwanja anajikuta mtoni. (Yamenikuta, tena saa sita usiku.) Chuoni hilo ni somo la mwanzo mwanzo. Kuna na Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na usajili wa taaluma, ambao haupatikani kwa ramani nzuri peke yake.

Anayelenga kuajiriwa halmashauri, aende chuo. Lakini likizo zote awe mtaani, na viatu vya mvua.